Umeme safi na hewa ukaa: hesabu inapokosewa

Dhana: Kenya inapata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka jotoardhi, maji, upepo na jua, kwa hiyo imeshamalizana na hewa ukaa.

Asilimia hiyo ni ya umeme tu. Hewa ukaa ya nchi hukokotolewa kutokana na mafuta yaliyochomwa: lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7, ya petroli kilo 2.3. Lori linalotoka Mombasa kwenda Malaba halijui Olkaria, kwenye mitambo ya jotoardhi, ni nini. Treni ya SGR (reli ya kisasa) ya Mombasa–Nairobi nayo huvutwa kwa dizeli, ilhali ya Dar es Salaam–Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, inatumia umeme, ingawa gridi ya Tanzania bado inachoma gesi. Nchi yenye gridi safi zaidi ndiyo yenye treni ya moshi!

Saruji ina tatizo lake. Hata tanuri lingepashwa moto kwa umeme wa jua, mawe ya chokaa yenyewe yakiungua huachia hewa ukaa, hadi asilimia 44 ya uzito wake.

Dhana: Kila uniti ya upepo au jua hupunguza hewa ukaa kwa kiasi kilekile.

Inategemea imeingia gridini saa ngapi na imezima mtambo gani. Upepo wa Ziwa Turkana, wenye mitambo ya megawati 310, huvuma sana usiku, wakati watu wamelala na mahitaji yameshuka. Hapo uniti zake huisukuma pembeni jotoardhi, na Olkaria imewahi kulazimika kuachia mvuke hewani bila kuzalisha. Safi imeondoa safi. Hakuna lita iliyookolewa. Kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, mahitaji yanapofika kileleni, ndipo mitambo ya mafuta huwashwa. Jenereta ya dizeli hutoa takriban kilo 0.7 hadi 0.8 kwa uniti, na hiyo ndiyo ya kulenga.

Njia mojawapo haihitaji betri: jua la mchana likibeba mzigo, mabwawa ya mto Tana hufunga maji na kuyatumia jioni. Ukame ukija mpango huo hudhoofika, na mafuta hurudi.

Dhana: Mkaa ni nishati jadidifu, kwa hiyo hauhesabiki.

Hii ndiyo inayopotosha takwimu kuliko zote. Kwa miongozo ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, hewa ukaa ya kuni na mkaa haijumlishwi kwenye sekta ya nishati, kwa sababu inatakiwa kuonekana kwenye sekta ya ardhi, kama upotevu wa miti. Haikufutwa, imehamishiwa daftari jingine. Tanuri la udongo hula tani 5 hadi 10 za kuni kutoa tani moja ya mkaa, na mti usipoota tena, deni linabaki. Ukiona Kongo (DRC) ikiandikwa kuwa zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake ni jadidifu, kumbuka kwamba sehemu kubwa ni kuni na mkaa, si umeme wa maji wa bwawa la Inga.

Dhana: Umeme safi ukiongezeka, jumla ya hewa ukaa lazima ishuke.

Uingereza ilishusha kwa sababu makaa ya mawe, yaliyotoa karibu asilimia 40 ya umeme mwaka 2012, yalisukumwa nje kwa kodi ya kaboni, upepo na gesi hadi kituo cha mwisho kilipofungwa tarehe 30 Septemba 2024. China imeweka sola nyingi kuliko nchi yoyote, lakini kwa miaka mingi mahitaji yake yalikua haraka zaidi, na makaa yakaendelea kuchomwa.

Tanzania sasa ina Bwawa la Nyerere la umeme wa maji, megawati 2,115. Gesi ya Songosongo na Mnazi Bay isiyochomwa kwenye mitambo ya umeme inaweza kuishia kwenye magari ya CNG (gesi asilia iliyoshindiliwa). Ikichukua nafasi ya petroli, kuna nafuu kiasi. Ikiendesha magari ambayo yasingekuwepo, hewa ukaa imebadilisha bomba la kutokea tu.