Kisa cha Biashara: Yanayosemwa Vyuoni na Yalivyo Mbele ya Majaji

"Muda ni mfupi, tuanze slaidi mara moja."

Katika shindano la kisa, wanafunzi hupewa maelezo ya kampuni yenye tatizo, kisha hueleza mbele ya majaji nini kifanyike. Katika lile la John Molson huko Montreal, Kanada, lililoanza mwaka 1981, timu ya wanafunzi wanne hupewa saa tatu kusoma kisa na kuandaa wasilisho. Ni muda wa kutisha kweli. Ndiyo maana nusu saa ya kwanza haifai kuguswa na slaidi: ni ya kujua nani anaamua, anaamua nini, na kabla ya lini. Tuseme kampuni ya maziwa inauliza kama ipanue kiwanda. Ukisoma viambatisho unakuta maziwa yanachachia njiani kabla hayajafika kiwandani. Timu iliyokimbilia swali lililoulizwa imeshajenga kiwanda cha pili cha kupokea maziwa yaliyochacha.

"Weka SWOT, majaji wanaipenda."

Hiyo ni orodha ya nguvu, udhaifu, fursa na vitisho vya kampuni. Ifanye kwenye karatasi chakavu, ibaki hukohuko.

"Hesabu tumwachie wa uhasibu."

Ajenge jedwali yeye, sawa. Lakini wote wanne wajue mtaji unaotakiwa, faida inayotarajiwa na muda wa mtaji kurudi. Kisha kuna ule mtego wa "tukipata asilimia 1 tu ya soko." Asilimia hiyo mtaipataje? Anza chini: maduka 40, kila moja katoni 5 kwa wiki, hizo ni katoni 200. Gari moja linazibeba? Nani anakusanya pesa, na duka likikopa mwezi mzima mtaishi kwa nini? Hapo jaji anaweka simu chini.

"Vyuo vyenye majina ndivyo hushinda."

Mwaka 2016 tuzo ya Hult, dola milioni 1, ilikwenda kwa wanafunzi wa Earlham, chuo kidogo cha jimbo la Indiana, Marekani. Wazo lao, Magic Bus, lilikuwa tiketi za basi kwa ujumbe mfupi wa simu, na walilijaribu Nairobi kwa abiria halisi. Mmoja wao alikuwa Mkenya. (Hult ni shindano la kuanzisha biashara, si la kisa hasa, ila majaji wa pande zote mbili hulegea mbele ya mtu aliyesimama kwenye foleni anayoizungumzia.)

"Maswali ni nyongeza tu."

Hili ndilo limezika timu nyingi, yangu ikiwemo. Katika shindano la utafiti la CFA, taasisi ya wachambuzi wa uwekezaji, dakika 10 ni za kuwasilisha na nyingine 10 ni za maswali. Nusu kwa nusu! Sisi tulikesha tukibishana rangi za grafu. Jaji akauliza, mafuta yakipanda kwa robo, faida yenu inabaki? Tukatazamana, halafu wawili tukajibu kwa pamoja, mmoja ndiyo, mmoja hapana.

Siku hizi ninaowafundisha huandika maswali 20 mabaya kabisa kabla ya kulala. Kila swali lina mwenyewe, anajibu kwa nusu dakika, wengine hawadakii. Nyuma ya slaidi ya mwisho huwa wamebana nyingine za akiba: bei ikishuka, mshindani akiiga, mkopo ukichelewa. Ya mafuta huwa ya kwanza.