Bustani ya ziwani lazima ikubali kuloa

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipopanda, kuna mteja mmoja alinipigia simu akasema "aisee, bustani yako imezama." Nikamwambia kaka, hiyo sio yangu, yangu uliikataa.

Yangu ilikuwa ukingo unaoteremka taratibu, mafunjo na matete mbele, njia ya mbao iliyoinuliwa, vibanda na choo vikae juu kabisa. Yeye alitaka ukuta wa zege ulionyooka, vitofali vya pevingi mpaka majini na zile nyasi za kapeti. Sisi wasanifu mandhari tumezoea, watu wanajua kazi yetu ni kupanda maua tu.

Sasa tuelewane kuhusu hili ziwa. Lina kilomita za mraba kama 68,800, sehemu kubwa ya maji yake ni mvua inayolidondokea lenyewe moja kwa moja wala sio mito, halafu mlango wa kutokea ni mmoja tu, Jinja kule Uganda. Kwa hiyo mvua zikifululiza misimu miwili mitatu linajaa tu. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda zaidi ya mita 2, wazee wa hapa Mwanza wanakumbuka. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikapita rekodi ya 1964, na 2024 likapita tena. Yani ukichora mstari wa maji kwenye ramani ukasema ziwa linaishia hapa, umejidanganya mwenyewe, ziwa halina mstari lina ukanda.

Na ukuta hauzuii, wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake na linachimba mchanga chini ya msingi kidogo kidogo mpaka siku unaona ufa. Likikuta mteremko wenye matete linachoka lenyewe njiani. (Matete sio magugu maji jamani, yale yanaelea na yametoka Amerika ya Kusini, haya yana mizizi na ni ya kwetu.) Sheria ya Mazingira ya 2004 imeacha mita 60 kutoka kwenye maji, wengi wanaziona kama kiwanja kilichokaa bure, mimi naziona ndio bustani yenyewe.

Ila nisiwadanganye, matete yana shida yake, na hii wenzetu wa nje hawaifikirii kabisa: kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, na sisi Kanda ya Ziwa tunajua habari zake. Ndio maana njia naiinua juu ya matete watu wapite bila kukanyaga maji, na pale watoto wanapoogelea na akina mama wanapochota naacha wazi, mawe na mchanga wenye wimbi. Na choo nakichora kabla ya benchi, kwa sababu mayai ya kichocho yanaingia ziwani kwa mkojo na kinyesi chetu wenyewe, bila choo hata ukipanda nini ni kazi bure.

Halafu bustani ya ziwani inaanzia mlimani. Angalia Mabatini hapa Mwanza, nyumba juu ya mawe, na mwamba haunywi maji, mvua ya nusu saa tu yote iko mto Mirongo na uchafu wake, kutoka hapo ni ziwani. Singapore walikuwa na mtaro wa zege wa kilomita 2.7 kwenye mto Kallang, wakaubomoa, mto ukarudishiwa kona zake ukawa kilomita 3.2 katikati ya bustani ya Bishan, wakamaliza 2012. Siku za kawaida watu wanacheza ukingoni, mvua ikija wanapanda juu maji yanatawanyika kwenye nyasi. Mirongo hauna nafasi kama ile, watu wamejenga mpaka ukingoni, lakini vijibustani vya kunyonya maji huko juu, hata nyuma ya shule au pembeni ya kijiwe cha bodaboda, vinawezekana kabisa na havihitaji kumhamisha mtu.

Yule mteja ukuta wake ukapata ufa, maji yaliposhuka nyasi zote zimekufa, vimebaki vitofali tu. Nilipita juzi nikakuta akina mama wameanika dagaa pale, vitofali vinapata jua vizuri kweli.