Si lazima kila mwanafunzi awe na simu

Walimu wengi huachana na maswali ya kidijitali darasani wakiamini kwamba kila mwanafunzi sharti awe na simu au tableti. Kwa Plickers, programu ya simu inayosoma majibu ya wanafunzi kwa kamera, simu moja ya mwalimu inatosha. Wanafunzi hushika kadi za karatasi tu.

Kadi hupakuliwa bure kwenye tovuti yao. Seti ya kawaida ina kadi 40, mbili kwa kila ukurasa, yaani kurasa 20 za kuchapa. Darasa likizidi hapo, ipo ya kadi 63. Kila kadi ina namba yake na mchoro mweusi wenye pande nne, A hadi D. Mwanafunzi huigeuza mpaka herufi ya jibu lake ikae juu. Herufi ni ndogo na michoro haifanani, kwa hiyo kumchungulia jirani ni kazi bure. Mwalimu hupitisha kamera polepole, majibu yanajirekodi.

Kamera ikigoma kusoma, angalia kwanza vidole: mara nyingi vimeziba ukingo wa mchoro. Laminesheni inayong'aa nayo huakisi mwanga wa dirishani, heri kuchapa kwenye manila. Bando bado linahitajika, ila la simu moja. Na ni maswali ya kuchagua tu. Insha utasahihisha kwa kalamu.