Mkono uliolala baada ya ajali: msuli wa paja unawezaje kukunja kiwiko?

Swali: Nilianguka na bodaboda mwaka jana. Mfupa haukuvunjika, lakini mkono wa kulia unaning'inia tu. Kwa nini?

Pole sana. Mara nyingi kasoro iko shingoni, si mkononi. Mizizi 5 ya mishipa ya fahamu hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya shingo, hupita nyuma ya mtulinga, ikashuka kwapani hadi vidoleni. Mtu akiangukia bega, kichwa huenda huku na bega kule, mishipa ikavutika katikati. Iliyovutika kidogo hupona yenyewe. Iliyokatika, au kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo, haipeleki tena amri mkononi. Ndiyo maana picha ya eksirei hutoka safi, mgonjwa akarudi nyumbani kuchuliwa. Kuchua hakuungi mshipa wa fahamu.

Swali: Mwaka umepita. Nimechelewa?

Kwa kuunga mishipa yenyewe, pengine ndiyo. Upasuaji huo hufaa zaidi ndani ya miezi 3 hadi 6. Mshipa wa fahamu hukua takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa bila amri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hunyauka kiasi kwamba hata ukifikiwa hauitikii. Lakini mlango haujafungwa: msuli hai unaweza kuazimwa kwingine.

Swali: Kwingine wapi?

Pajani, upande wa ndani. Kuna msuli mrefu mwembamba, grasilisi, unaotoka kinenani hadi chini kidogo ya goti. Una wenzake wanaofanya kazi ileile, kwa hiyo ukiondolewa utatembea kama kawaida. Hutolewa pamoja na mishipa yake ya damu na wa fahamu. Juu ukashonewa kwenye mtulinga, chini kwenye kano inayokunja kiwiko. Mishipa ya damu huungwa chini ya hadubini kwa uzi mwembamba kuliko unywele, tena upesi, maana msuli hauvumilii saa nyingi bila damu.

Swali: Na amri itatoka wapi, kama mizizi imeng'oka?

Nayo huazimwa. Ama ni mshipa wa fahamu unaopandisha mabega, ama mishipa 2 au 3 ya katikati ya mbavu, inayotusaidia kupumua. Hii ya mbavu ndiyo inayonishangaza mpaka leo. Miezi ya mwanzo hakuna kitu, na wengi hukata tamaa hapo. Kisha siku moja mgonjwa ameulaza mkono mezani, anavuta pumzi ndefu, na kitu kinacheza chini ya ngozi. Kwa muda atakunja kiwiko kwa kuvuta pumzi. Akikohoa, mkono unaweza kushtuka bila kuombwa. Taratibu, kwa mazoezi, ubongo huzoea, akakunja huku anaongea na watu. Nguvu huendelea kuongezeka kwa mwaka na nusu, hata miwili.

Swali: Utarudi kama zamani?

Hapana, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Utakunja kiwiko, utatundika mfuko kwenye mkono, utakandamiza karatasi huku mkono wa pili unaandika. Vidole ni vigumu zaidi. Maumivu yale ya kuungua, kama unayo, yana dawa zake. Usitegemee upasuaji huu uyaondoe.

Swali: Nifanye nini nikisubiri?

Kwa kutumia mkono wako mzima, kunja na kunyoosha kiwiko, bega na kila kidole cha mkono uliolala, mara kadhaa kwa siku. Kiungo kilichokakamaa hakuna msuli utakaokikunja. Sigara acha, huminya mishipa midogo ya damu. Na chunga pasi, jiko na kikombe cha chai: mkono usiohisi huungua kimyakimya, ukaja kushtukia malengelenge jioni unapovua shati.