Mkutubi Anafuata Nini Kongamanoni?

Omba ruhusa ya kwenda kongamano la wakutubi, na huenda ukaulizwa: "Si mada zote zitawekwa mtandaoni baadaye?" Ni swali la haki. Nyingi huwekwa kweli, na nyingine, tusidanganyane, ni bora uzisome mwenyewe kwa dakika kumi kuliko kuketi ukimsikiliza mtu akizisoma ukutani neno kwa neno. Hata hivyo naendelea kuomba ruhusa, na sababu yangu kubwa si mada.

Tuanze na kazi zetu za kila siku. Chukua rekodi ya katalogi iliyoandaliwa kwa utaratibu wa ISBD, yaani kanuni za kimataifa za kupanga maelezo ya kitabu. Kati ya jina la kitabu na jina la mwandishi pana mkwaju (/), wenye nafasi mbele na nyuma. Mkwaju ule ulitoka mkutanoni. Mwaka 1961 wataalamu kutoka nchi 53 walikutana Paris wakakubaliana misingi ya kuorodhesha vitabu. Mwaka 1969 wataalamu wa katalogi wakakutana tena, safari hii Copenhagen, na huko ndiko ilikoanzia kazi ya kuyapa maelezo ya kitabu mpangilio mmoja, ili mkutubi aweze kuitambua rekodi hata ya lugha asiyoijua. Anayesimamia hazina ya kidijitali naye hujaza vipengele vya Dublin Core, yaani vya kueleza machapisho ya kidijitali, vilivyoanzia kwenye warsha ya mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani. Hata IFLA, shirikisho letu la kimataifa, liliundwa mkutanoni, Edinburgh, mwaka 1927.

Kwa hiyo nikisikia wenzangu wakilalamika kwamba viwango hivi havijui majina ya watu wasiotumia jina la ukoo, huwauliza: nani alikwenda kuyasemea? Misingi ya Paris iliacha mlango wazi. Ilisema neno la kuanzia katika jina la mwandishi lifuate, kadiri inavyowezekana, mazoea ya nchi yake. Sasa mazoea hayo lazima aje mtu ayaeleze, na atakayeyaeleza ni yule aliyepo ukumbini.

Lakini kinachonitoa nyumbani hasa ni mambo yasiyoandikwa. Ripoti ya mradi itakueleza mfumo ulivyosimikwa, wafanyakazi walivyofundishwa na wasomaji walivyofurahi. Wiki ya pili, mambo yalipoharibika, haimo. Hiyo husimuliwa kwenye foleni ya chai.

Wakati fulani tulikuwa tunajiandaa kuhamishia katalogi yetu kwenye Koha, programu ya kuendeshea maktaba. Mtoa mada alizungumza vizuri, ila aliyenifaa ni mkutubi wa chuo kidogo niliyesimama naye nje ya ukumbi. Aliniuliza, "Barkodi zenu mmeshazikagua?" Sikuwa nimelifikiria hilo. Akanieleza kwamba Koha haikubali barkodi moja kwa nakala mbili, na maktaba ya siku nyingi, iliyobandika lebo kwa awamu, haikosi zinazojirudia. Kwao ziliibuka siku ya kuingiza data. Nakala zikakataliwa, kitabu kikawa kipo rafuni lakini mfumo haukijui, na msomaji akisimama nacho dawatini haazimishwi. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: toeni orodha ya nakala zote, ipangeni kwa barkodi, sahihisheni zinazojirudia kabla ya kuhama, na mhame wakati vitabu vingi vimerudishwa. Kisha akatoa simu akanionyesha jedwali lao, kila safu ya mfumo wa zamani ikionyesha inaingia wapi kwenye uga 952, ule unaobeba taarifa za nakala. Akanitumia palepale.

Je, angeyaandikia makala? Sidhani. Ni vigumu mtu kutangaza kwa maandishi kwamba maktaba yake ilipoteza nakala zake yenyewe. Kongamano la mtandaoni huokoa gharama na silipingi, ila foleni ya chai halina.

Ndiyo maana siendi mikono mitupu. Naingia na swali moja la kazini linaloninyima usingizi, natafuta kwenye ratiba watu waliowahi kukutana nalo, halafu nawafuata wakimaliza kuzungumza. Vikao vingine naviacha bila aibu. Kwenye mabanda ya wauzaji wa mifumo sisikilizi sana maelezo ya kurasa zinavyopendeza. Nauliza, tukiachana nanyi kesho, rekodi zetu mtatupa kwa umbizo gani, nasi tutalipa nini? Jibu likizungukazunguka, nasonga banda la pili. Na ukiweza, peleka mada au hata bango. Kuliandaa kutakulazimisha kuhesabu kazi yako, jambo ambalo wengi wetu huliahirisha mwaka hadi mwaka.

Kuna kitu kimoja naona tunakikosea: nafasi ya kwenda humwangukia mkuu wa maktaba kila mara, kana kwamba ni posho ya cheo. Mpelekeni pia anayekaa dawati la kuazimisha, maana yeye ndiye anayejua wasomaji wanakwama wapi. Akirudi, mpeni nusu saa mbele ya wenzake na ruhusa ya kujaribu jambo moja alilolikuta huko, hata kama bosi hakulipenda sana.