Je, wajua kwa nini mbunge Charles Don alichonga mawe mchana na kutunga sheria usiku?

Mwaka 1859 wapiga kura wa Collingwood, mtaa wa wafanyakazi jijini Melbourne, Australia, walimpeleka bungeni fundi mwashi. Charles Jardine Don alikuwa mhamiaji kutoka Scotland. Kwao alikuwa mfumaji. Alipofika Victoria, koloni la Uingereza lenye jiji la Melbourne, mwaka 1853, wakati wa mbio za dhahabu, akaishia kushika nyundo na tindo. Hata alipokuwa mheshimiwa hakuviweka chini. Mchana alichonga mawe, jioni akaenda kuketi bungeni na watu wenye mali zao.

Sababu ni kwamba ubunge haukuwa na mshahara. Asiyefanya kazi mchana angekula nini?

Kinachouma ni kwamba Don alilijua tatizo hili tangu ujana wake. Huko Scotland alikuwa katika vuguvugu la Wachati, wafanyakazi waliodai haki za kisiasa, ambalo mwaka 1838 lilitoa madai sita, likiwemo la wabunge kulipwa. Baadhi ya madai hayo Victoria iliyatekeleza mapema kuliko Uingereza: kura ya siri mwaka 1856, na mwaka uliofuata wanaume wasio na mali wakaruhusiwa kupiga kura na kugombea katika baraza la chini. Fundi akawa na haki ya kuingia bungeni, ila si uwezo wa kukaa humo.

Don aliwezaje, basi? Mimi naona jibu liko kwa waashi wenzake. Tarehe 21 Aprili 1856 waliacha kazi kwenye ujenzi wa chuo kikuu cha Melbourne, wakaandamana hadi jengo la bunge, na wakapata siku ya kazi isiyozidi saa 8. Bila ushindi huo, jioni zake zote zingeishia kwenye mawe.

Alidumu bungeni hadi 1864, akafariki mwaka 1866 akiwa na miaka 46. Victoria ilianza kuwalipa wabunge mwaka 1870, pauni 300 kwa mwaka. New South Wales, koloni jirani, ikafuata 1889. Miaka mitano baadaye bunge lake likampokea John Christian Watson, mzaliwa wa Chile aliyekulia New Zealand, fundi wa kupanga herufi katika uchapaji. Yeye alilipwa kwa ubunge wake, na Aprili 1904 akawa waziri mkuu wa Australia.