Kabati la vyombo la kutengenezwa kwa kipimo katika hewa ya Tanga

Makabati mengi ya mbao ninayoletewa kutengeneza hapa Tanga yana maradhi matatu: mlango uliokwama wakati wa masika, paneli iliyopasuka wakati wa kiangazi, na bawaba zilizoliwa na kutu hadi mlango unaning'inia kwa parafujo moja. Wenyewe huja wakizilaumu mbao au wakimlaumu fundi wa mwanzo, lakini kwa maoni yangu chanzo ni kimoja, nacho ni kwamba kabati lilitengenezwa kana kwamba mbao ni kitu kisichobadilika ukubwa. Nitaeleza hapa namna ninavyotengeneza kabati la vyombo vya jikoni, kwa kipimo cha vyombo na ukuta wa mteja, katika karakana yangu ya nyumbani, ambayo ni banda la bati lililo nyuma ya ua, na nitakaa zaidi kwenye suala la unyevu kuliko kwenye zana.

Mbao iliyokauka haiachi kubadilishana unyevu na hewa inayoizunguka. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 75 hadi 80, kama ilivyo kwetu pwani kwa muda mrefu wa mwaka, mbao iliyo kivulini hutulia ikiwa na maji yapatayo asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Ukiihamishia kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa, mbao hiyohiyo hushuka hadi kama asilimia 10. Urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kujali, bali upana ndio unaopungua na kuongezeka, na ubao uliopasuliwa ubavuni mwa gogo hubadilika karibu mara mbili ya ule uliopita katikati ya kiini. Paneli ya mtiki yenye upana wa milimita 400, ikishuka kutoka asilimia 16 hadi 12, hupungua karibu milimita 3, na paini hupungua zaidi ya hapo. Milimita hizo zinatosha kuipasua paneli iliyobanwa kwa gundi pande zote.

Kuhusu uchaguzi wa mbao, sisi wa Tanga tuna bahati. Mtiki unapandwa Muheza katika Shamba la Miti Longuza, na paini hushuka kutoka Shume, Lushoto, kwa hiyo mtu hana haja ya kuhangaika kutafuta mninga au mkongo kutoka mikoa ya mbali. Mimi hutumia mtiki kwa milango na fremu, na kama mteja hana uwezo huo, hutumia paini kwa mwili wa kabati. Jambo la kuangalia unaponunua mtiki ni ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo: miti iliyovunwa ikiwa michanga huwa nayo nyingi, na bungua na mchwa huila vilevile kama wanavyokula mbao nyingine yoyote laini. Sifa ya mtiki ya kutoliwa iko kwenye kiini chake cha kahawia. Muuzaji atakuambia ni mtiki, naye atakuwa amesema kweli, lakini wewe geuza ubao uangalie kingo zake. Na udai risiti.

Mbao zikifika nyumbani hazikatwi. Huzipanga kivulini juu ya matofali, zikitenganishwa na vijiti vya unene wa kama inchi moja vilivyopangwa kwa mstari mmoja kutoka chini hadi juu, kwa sababu kijiti kilichokaa upande huifanya mbao iliyo juu yake ikauke ikiwa imepinda. Ncha za mbao huzipaka rangi ya mafuta iliyobaki makoponi, kwani maji hutoka haraka zaidi nchani kuliko ubavuni na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Anayetaka kujua kama mbao zimetulia, naye hana kipima unyevu, anaweza kutumia mizani ya jikoni. Akate kipande kutoka katikati ya ubao, akipime, kisha akiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito uache kushuka. Kipande kilichokuwa na gramu 230 kikiishia kwenye gramu 200, zile gramu 30 zilizopotea ukizigawanya kwa 200 unapata asilimia 15, na mbao hiyo iko tayari kwa nyumba ya hapa isiyo na kiyoyozi. Kama kabati linakwenda kwenye chumba chenye kiyoyozi, mbao zilale kwanza ndani ya chumba hicho kwa wiki kadhaa kabla ya kuguswa na randa.

Vipimo navyo vinaanza na vyombo, kisha ndipo ukuta. Huwa namwomba mwenye nyumba anitolee sinia lake kubwa, sufuria ya pilau, hotipoti na mbuzi ya kukunia nazi, kwa sababu kabati lenye kina cha sentimita 35 linapokea sahani zote za nyumba, lakini sinia litatokeza nje na mlango hautafunga. Hapo ni bora kuacha chumba chembamba cha wima pembeni, masinia yasimame. Ukuta hupimwa chini, katikati na juu, na kipimo kidogo kuliko vyote ndicho kinachofuatwa. Katika nyumba za zamani za Ngamiani, hapa mjini, nimekuta pengo kati ya kuta mbili likitofautiana kwa sentimita nzima baina ya sakafu na dari, kwa hiyo ninatengeneza mwili wa kabati ukiwa mwembamba kidogo, kisha naongeza kipande cha kuziba kilichochongwa kwa kufuata ukuta wenyewe.

Mwili wa kabati una kanuni moja ambayo sikubali kuivunja: nyuzi za mbao, yaani ile mistari inayofuata urefu wa ubao, katika mbavu, dari, sakafu na rafu za kabati zote zifuate mzunguko mmoja wa sanduku, ili mbao zikivimba zivimbe pamoja kuelekea mbele na nyuma. Pale ninapolazimika kuweka kipande kinachokatiza nyuzi, kwa mfano reli ya droo ndani ya ubavu, nakifunga kwa gundi na parafujo upande wa mbele tu, na huko nyuma parafujo hupita kwenye tundu refu lililochongwa ili ubavu uweze kusogea. Mafundi wengi hupigilia misumari mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo ubavu unapopasuka, huku mwenye kabati akidhani ni jua.

Rafu hukaa kwenye mfereji wenye kina cha theluthi ya unene wa ubavu. Kwa uzito uleule, kulegea kwa rafu huongezeka kwa kipeo cha tatu cha urefu wake, yaani rafu ya sentimita 90 hulegea zaidi ya mara tatu kuliko ya sentimita 60 yenye unene huohuo. Sahani za udongo ni nzito. Badala ya kununua ubao mnene, naongeza ubao wa kusimama wenye kimo cha sentimita 4 chini ya ukingo wa mbele wa rafu, na hauchukui nafasi ya maana.

Sasa milango, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Fremu ina vipande viwili vya wima na viwili au vitatu vya mlalo, vilivyoungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya kipande kimoja huchongwa iingie kwenye tundu la kingine, ulimi ukiwa theluthi ya unene wa mbao. Ndani ya fremu hupita mfereji wa kina cha milimita 12, na paneli hukaa humo bila gundi, isipokuwa tone moja katikati ya ukingo wa juu na jingine katikati ya ukingo wa chini, ili ikisinyaa isinyae sawasawa pande zote mbili. Uwazi wa kuacha pembeni unategemea mwezi. Ukiunganisha mlango Februari, mbao zikiwa zimekauka kwa kiangazi, acha milimita 3 kila upande. Ukiunganisha Mei baada ya mvua, mbao zimeshavimba na milimita 1 inatosha. Bibi mmoja alikuja kukagua kazi yake, akatia ukucha kwenye uwazi ulio kati ya milango miwili, akasema, "Mwanangu, hapa hukupima." Nikamjibu, "Bibi, hapo nimeiachia nafasi masika." Alinitazama kwa mashaka, na sikumlaumu.

Paneli ipakwe vanishi kabla ya kuingizwa kwenye fremu. Ikipakwa baadaye, kiangazi cha kwanza itasinyaa na kuonyesha mstari mweupe wa mbao isiyopakwa pembeni mwa fremu, na mstari huo hauwezekani kuufikia tena kwa brashi. Mtiki una mafuta yake ya asili, hivyo ndimi zichongwe na kugundishwa siku hiyohiyo, baada ya kufutwa kwa kitambaa chenye tina ya kuyeyushia rangi. Una pia chembe ngumu za silika, mfano wa mchanga, zinazoua makali ya patasi, kwa hiyo jiwe la kunolea liwe karibu. Na uvae barakoa unapopiga msasa: vumbi la mbao limeorodheshwa tangu 1995 na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Bawaba ziwe za shaba. Hewa ya bahari hula chuma cha kawaida upesi, na chuma kikigusana na maji ndani ya mbao yenye tanini, kemikali ya asili ya mti, huacha doa jeusi lisilotoka kwa msasa. Parafujo za shaba hukatika kichwa zikilazimishwa, kwa hiyo tangulia na parafujo ya chuma ya ukubwa uleule ili ifungue njia, itoe, kisha ingiza ya shaba iliyopakwa nta au sabuni ya mche.

Vanishi haizuii unyevu, huuchelewesha tu, na ndiyo maana ndani ya kabati hupakwa sawa na nje. Upande mmoja ukiachwa mtupu, mbao hujikunja. Siku ya mvua sipaki, kwa kuwa unyevu unaotua juu ya vanishi mbichi huifanya iwe na ukungu mweupe.

Kabati lisimame juu ya miguu yenye kimo cha sentimita 10 au zaidi, mtu aweze kupiga deki chini yake na kuona mapema kichuguu cha mchwa kikianza, na mgongo wake uachwe sentimita 3 kutoka ukutani, hasa kwenye kuta za matumbawe na chokaa zinazovuta maji kutoka ardhini. Milango huning'inizwa mwisho, kabati likiwa limeshakaa mahali pake na kusawazishwa kwa pimamaji na vipande vya kabari, kwa maana sakafu ikiwa imeinama, hata sanduku lenye pembe mraba kamili litajipinda na milango haitakutana.